Safu Ikikata Kona

Mnara uko ng'ambo ya mlima, upande wa Kalinzi,
na Nyamhoza imelala kwenye shingo ya bonde
kama sarafu iliyoangukia nyuma ya kabati:
ipo, inajulikana ipo, mkono haufiki.

Nilianza na alichonifundisha baba,
Ruhoza, mkufunzi wa mgambo, filimbi shingoni,
akipanga vijana ishirini uwanjani Mwanga:
"Safu haipindi kwa kusukumwa!
Wa ndani, kanyaga papo hapo. Wa nje, nyoosha hatua.
Wa katikati, kila mtu na deni lake."
Na safu ilikata kona imenyooka kama rula,
vumbi tu likibaki halijui lielekee wapi.

Basi wimbi nalo ni safu.
Halina mguu, halina jasho, lakini lina hatua,
na ukilichelewesha upande mmoja
kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu zaidi ya hapo,
litageuka lenyewe, bila kuguswa bega.

Nikakata shaba. Vigae elfu moja na mia mbili.
Kilicho kipana hulishika wimbi
kama mwenyeji mwenye maneno mengi;
kilicho kidogo huliaga mlangoni, haya, kwaheri.
Nyuma yake bati, katikati povu gumu
la kufungashia majokofu.
Generoza wa chumba cha pili akachungulia dirishani:
"Sahani za wanasesere hizo?"
Hakuna betri. Hakuna sola ya kuibiwa.
Ubao wenyewe hauna akili;
akili nimeiacha kwenye vipimo.

Tukaupandisha mlimani vipande sita,
Ntahondi na wanawe wakivibeba kichwani
kama milango ya nyumba ambayo haijajengwa.

Mara ya kwanza nilikosea.
Muuza povu alisema milimita kumi. Zilikuwa nane.
Nilimwamini, na rula ilikuwa mfukoni.
Wimbi likapita juu ya mapaa ya Nyamhoza,
likaenda kutua ziwani, usiku,
kwenye mtumbwi wa watu wa dagaa,
na simu zao zikaanza kulia zote kwa pamoja:
madeni, salamu, madeni,
msiba wa wiki mbili zilizopita.
Buchumi aliusoma ule wa msiba mara mbili,
kisha akazima karabai.

Nilikwenda kwake kumpa pole na kumwomba radhi.
Sikujua nianze na lipi.
Akaniletea kiti. Hatukuzungumzia mawimbi.

Nikaushusha ubao. Nikapima upya, safari hii kwa jicho langu.
Vigae mia tatu nikavipunguza kwa mkasi,
kimoja kimoja, upana wa ukucha,
mpaka kidole gumba kikaota sugu.

Sasa mtandao unaangukia nyuma ya mihogo ya Ntahondi,
ukanda wa hatua nne, mrefu hadi kisimani.
Ukitoka nje yake hatua moja, mtu wako anakatika
katikati ya jina.
Wanasimama mle mmoja nyuma ya mwingine,
kila mtu na sikio lake,
wanajifanya hawasikii ya mwenzao.
Mahesabu yangu yalilenga zahanati.
Nimeikosa kwa mita sitini.
Sijamwambia mtu, na hakuna aliyeuliza:
mkunga Adelvina ameshahamishia benchi la kliniki huko.

Miaka saba nimefanya kazi na kitu nisichokiona.
Nimekichora kwa mishale, nimekiandikia milinganyo,
nimekitetea mbele ya watu wenye miwani
kama mtu anayemsifia mchumba wa mbali.
Jana nilisimama juu, karibu na ubao,
shaba imeanza kushika kijani pembeni,
nikatazama bondeni.
Nyasi zimelala mle, si pengine popote:
mkanda mwembamba, kingo zake kama zimekatwa na rula,
unatoka chini ya mlima unakwenda kisimani.
Hakuna jembe lililopita hapo.

Ndilo lile. Nimeliona, lina rangi ya udongo.

Baba angekunja uso, filimbi mdomoni, akatazama weee,
halafu angeuliza tu
kwa nini safu imepita kando ya zahanati.